Aliyeitikia Wimbo wa Malongo

Mama Ng'washi aliiokota ile sarafu kwa vidole viwili kutoka juu ya mkono wa gramafoni, akaiweka mezani kwangu kando ya koleo. Hakugomba. Santuri iliendelea kuzunguka, na sindano, ilipokosa uzito wa kuikandamiza, ikaruka mara tatu, ikateleza hadi katikati na kunyamaza.

"Hii ndiyo iliyotufikisha hapa, fundi," alisema.

Niliona haya. Nasema bila kuzunguka, kwa sababu si jambo linalonitokea mara nyingi. Nina mdomo, hata mke wangu Restituta husema kwamba siku nikikosa mteja wa kumsema nitaisema redio. Na wiki mbili kabla ya hapo, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimemsomea mama huyu na mwanawe wa kambo somo refu juu ya sarafu.

Siku hiyo ya kwanza walikuja na pikipiki kutoka upande wa Nyakahura, gramafoni imefungwa ndani ya mfuko wa mbolea, santuri imelazwa kifuani kwa mama chini ya khanga. Mhoja, mtu mzima wa karibu miaka hamsini, mfugaji na mkulima wa mpunga, aliufungua mfuko kwa heshima. Juu ya mkono wa chombo, karibu na kichwa, palikuwa na sarafu ya shilingi ishirini, ile ya zamani yenye pembe, imebandikwa kwa gundi ya karatasi iliyogeuka kahawia. Niliuliza nani aliyefanya uhalifu huu. Mhoja akajibu kwamba ni marehemu baba yake, ili sindano isiruke.

Mtu mwenye adabu angenyamaza hapo. Mimi niliendelea. Niliwaeleza kwamba sindano inatakiwa kukanyaga kwa gramu mbili hivi, na sarafu ile inaongeza mara nne au tano ya hizo, kwa hiyo kila walipopiga wimbo walikuwa hawausikilizi, walikuwa wanaulima. Mama Ng'washi alisikiliza yote, kisha akaniuliza kama mvua ikishalima njia, fundi huilaumu mvua au huitengeneza njia. Nikacheka. Ndipo wakaniambia shida yao.

Baba yake Mhoja, Malongo, alikuwa mwimbaji wa ngoma huko Shinyanga kabla hawajahamia Biharamulo na ng'ombe wao. Katikati ya miaka ya sabini kikundi chake kilirekodiwa Mwanza, ikatoka santuri moja ndogo. Ndani yake Malongo anaimba na mwanamke anamwitikia. Alikuwa na wake wawili, Minza mkubwa na Ng'washi mdogo. Minza alifariki Mhoja akiwa na miaka mitano, na tangu utotoni Mhoja alijua kwamba ile sauti ya kuitikia ni ya mama yake. Tangu Malongo afariki, Ng'washi alikuwa akisema ni ya kwake. Mwishoni mwa wimbo Malongo anamtaja aliyemwitikia, kama wafanyavyo waimbaji wao, lakini sehemu hiyo ilikuwa imebaki mkwaruzo mtupu. Sasa ndugu kutoka Shinyanga wangekuja kwenye kumbukumbu ya miaka mitatu ya marehemu, na Mhoja alitaka kumgawia kila mmoja wimbo kwenye kadi ya memori ya simu, pamoja na majina.

"Mama mdogo amenilea, simkatai," Mhoja alisema, akiwa amenigeukia mimi badala yake. "Alinipeleka shule, alinifulia, yote. Lakini mama yangu hana picha hata moja. Kilichobaki ni hiki."

"Na mimi sikuzaa," Ng'washi akasema. "Kilichobaki ni hicho hicho."

Hilo niliwaachia wenyewe, nikashika la santuri. Sindano za zamani zina ncha nene, hupita juu juu kwenye kuta za mfereji wa santuri, na huko ndiko sarafu ilikolima. Chini zaidi kuna ukuta ambao haukuwahi kuguswa. Ukipata katriji, yaani kile kichwa kinachobeba sindano, yenye ncha nyembamba ya almasi, itashuka hadi pale. Niliwaahidi kwamba watamsikia Malongo akitaja jina kana kwamba amekaa kwenye benchi langu. Niliahidi kabla sijajua nitaipata wapi.

Niliipata Mwanza, kwa mtu anayeuza vyombo vya zamani. Ilikuwa katriji nzuri kuliko yoyote niliyowahi kushika, na niliionyesha kwa kila aliyepita dukani, hata kwa wasiouliza. Kosa langu ni kwamba nilitazama sindano tu, nikausahau mkono. Katriji ile ilikuwa na springi laini sana, na mkono wa gramafoni ya Malongo ulikuwa wa chuma, mzito, uliotengenezwa kwa sindano ngumu za wakati wake. Anayebeba mikungu ya ndizi kwa baiskeli anaelewa: ukiweka springi laini chini ya mzigo mzito, shimo moja tu la barabarani litakurusha hadi kilimani. Santuri ilikuwa imepinda kidogo, basi kila ilipozunguka mkono ulidunda, sindano ikatoka mferejini. Siku ya ahadi ilikuwa imefika, mama amekaa mbele yangu, na mimi, bingwa wa kukemea, nikatoa mfukoni sarafu ya shilingi mia mbili.

Hiyo ndiyo aliyoiokota.

Kesho yake nilikwenda Ngara, kwetu. Mwalimu Ferdinand wa Kanazi, aliyenifundisha sayansi nikiwa kijana, alikuwa na gramafoni ya Kijapani iliyoungua mota, na mkono wake ulikuwa mwembamba, mwepesi, wa bati lililonyooka. Nilimkuta akichambua maharage. Nilipomweleza jambo lenyewe aliniuliza swali moja tu: je, huyo mama akishinda, huyo mwanawe atabaki na nini? Nikamjibu kwamba mimi ni fundi. Akaniambia niung'oe mkono mwenyewe, kwa kuwa macho yake hayaoni skrubu tena.

Kazi ilinichukua siku nne. Nilitoboa tundu jipya ubaoni, karibu zaidi na sahani inayozungusha santuri, maana mkono wa Mwalimu ulikuwa mfupi kuliko ule wa zamani. Nilichora tao la safari ya sindano kwenye jalada la kalenda ili ilale sawasawa mferejini toka mwanzo hadi mwisho. Kupima uzito niliazima kwa Modestus, mnunuzi wa dhahabu, ile mizani yake ndogo, nikasogeza kipande cha nyuma cha mkono robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi sindano ikakanyaga kwa gramu moja na nusu na ushee. Modestus alikaa pale muda wote kuilinda mizani yake. Alisema hajawahi kuona mtu akipima kitu kisichouzwa.

Walikuja wote wawili asubuhi ya Jumatano. Niliwaambia tutapiga mara moja, huku kompyuta ikirekodi, kwa sababu kila mpigo huondoa kitu. Nikaishusha sindano.

Mkono haukudunda. Mkwaruzo ulikuwepo, lakini ulikuwa umerudi nyuma, na mbele yake Malongo akaanza kuimba. Kisha mwanamke akaitikia, sauti ya juu, changa, isiyo na wasiwasi, na kila alipofika kwenye s palisikika mluzi mwembamba. Santuri ikichakaa, s ndiyo hutangulia kufa. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameisikia. Mimi nilikuwa nimeisikia kwa wiki tatu, hapo hapo dukani. Mama Ng'washi ana mwanya mpana mbele, na s zake zote hupita humo zikipiga mluzi.

Nilijua. Sikuhitaji jina. Lakini jina lilikuja: Malongo akajitaja yeye, akamtaja baba yake, kisha akasema, wazi kabisa, kwamba aliyemwitikia ni Minza.

Mhoja alifunika uso kwa viganja. Mabega yake yakatikisika, na sikuwahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia bila kujificha. "Ni yeye," alisema. "Mmesikia? Ni mama."

Ng'washi hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Fundi," alisema, "wewe ndiye mwenye masikio. Umesikia nini?"

Mtu aliyelia alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Ningeweza kurudisha ile sehemu kwenye kompyuta, nikamwambia mama aseme maneno matatu tu, ikaisha. Mimi niliyemsema hata marehemu kwa ajili ya sarafu.

"Nimesikia Minza," nilijibu.

"Haya," alisema.

Mhoja alitoka nje kuwapigia ndugu zake simu. Mama akabaki akiifuta santuri kwa ncha ya khanga, jambo ambalo siku nyingine ningemkemea.

"Minza alikuwa amekauka koo," alisema. "Tulikuwa tumecheza siku nne mfululizo. Malongo akaniuliza, nimtaje nani? Nikamwambia mtaje mkubwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuitikia, ningejitangulizaje mbele yake?"

"Na Malongo hakuwahi kumwambia Mhoja?"

"Mtoto alipofiwa alikuwa halali mpaka apigiwe ile santuri. Ungemwambia wewe?" Akairudisha kwenye ganda lake. "Nilikuwa na miaka kumi na minane, mwanangu. Nilidhani santuri nyingine zitakuja."

Mhoja alirudi macho yakiwa mekundu, akaniomba niandike majina kwenye kadi zote. Niliandika: Malongo na Minza. Kadi kumi na mbili, kwa mwandiko wangu mzuri. Aibu ilikuja baadaye, nikiwa peke yangu, na haikuja kidogo.

Nakala iliyo kwenye kompyuta yangu niliipa jina lingine. Mteja akija kujaribu spika humpigia huo wimbo, na karibu wote huuliza mwimbaji huyo wa kike ni nani. Nawaambia ni Ng'washi, yuko hai, anakaa upande wa Nyakahura. Nimewaambia walimu, madereva wa malori, kwaya nzima ya vijana waliokuja kununua maikrofoni. Ni miaka miwili sasa, na nimewaambia watu wengi sana.

Mwezi uliopita nilimkuta mama gulioni akichagua mbegu za mpunga. Nikamwamkia, akaitikia, akacheka na ule mwanya wake.

"Nasikia unaniimbisha kila siku huko dukani."

"Nakuimbisha, mama."

"Mhoja amewahi kufika?"

Nilimwambia kweli. Amefika mara mbili, mara ya kwanza kwa betri, mara ya pili kwa redio, na mara zote mbili wimbo ulikuwa unapigwa, nikaisikia pikipiki yake nje, nikauzima kabla hajaingia.

Aliendelea kupitisha mbegu vidoleni, akitupa zilizovunjika.

"Ameshaozesha mabinti wawili," alisema. "Siku hizi analala mwenyewe, bila kupigiwa santuri. Akija tena, usiuzime."