Anayefunga kwa Niaba ya Gizachew

Katikati ya Kwaresima Yeshimebet alikwenda kwa kaka yake Gizachew kumwomba amwachie nyumba ya mama yao, akamkuta anakula nyama ya kukaanga, madirisha yamefungwa ili harufu isiwafikie majirani. Upande wa pili wa meza alikaa Welde Giyorgis, amejitanda shuka jeupe, akisubiri ibada ya mchana imalizike kanisani ndipo aguse dengu zake.

Welde Giyorgis lilikuwa jina la ubatizo la Gizachew, lile ambalo watu wa mji wa Debre Berhan hulitumia kanisani tu. Kwa miaka mingi Gizachew aliungama kwa jina hilo na kuuza saruji kwa jina lake jingine, mpaka wa kanisani akachoka kurudi kwenye mwili mmoja na mwenzake, akapata wake. Sura ilikuwa ileile, na kovu lilelile la kidevuni, ila huyu amekonda. Asnakech, mke wa Gizachew, alimtandikia kitanda sebuleni na kulalamika tu kwamba sasa anapika vyungu viwili.

"Karibu, dada," alisema Welde Giyorgis, akasimama. Gizachew aliendelea kutafuna.

"Wazee wanakaa Jumapili kuamua nyumba ni ya nani," alisema Yeshimebet. "Kaka, wewe ulikuwepo. Mama alikushika mkono, akasema nyumba aachiwe aliyemuuguza."

"Mama alikuwa na homa. Alisema mengi."

Yeshimebet akamgeukia yule mwembamba. "Na wewe je? Mkono alioushika ni wako pia."

Welde Giyorgis aliutazama mkono wake. Kisha akasema amesikia kengele, akatoka. Hakuna kengele iliyolia. Ndivyo alivyofanya kila ilipotajwa siku aliyokufa mama, na mwenyewe alionekana hajui kwa nini miguu inampeleka mlangoni.

"Usimsumbue," alisema Asnakech. "Mtu wa Mungu yule, mambo ya nyumba atayajulia wapi?"

"Si analala humu humu, wifi?"

Jumapili wazee walikutana kwa Yeshimebet, katika nyumba ileile ya mama, wakanywa kahawa yake, wakamtaka Gizachew aape. Kwao anayeapa hushika msalaba wa shaba, na anayesema uongo huungua kiganja. Mjini mlikuwa na wanaume kadhaa waliosalimia watu kwa mkono wa kushoto kwa sababu hiyo.

"Aape Welde Giyorgis," alisema Yeshimebet. Alikuwa hajawahi kumsikia akidanganya, na matumaini yake yote aliyaweka hapo.

Gizachew alikubali haraka mno.

Welde Giyorgis aliushika msalaba kwa mikono miwili. "Sikumbuki mama akimpa dada nyumba," alisema. "Gizachew ameniambia aliachiwa yeye, na mimi namwamini. Anahangaika sana yule, lakini ana moyo mzuri."

Wazee walisubiri. Mzee Demissie akaugusa msalaba kwa kidole, akaukuta wa baridi. Alikuwa jirani wa mama tangu zamani na alijua fika ilivyokuwa. Alimeza kahawa iliyobaki, akasema nyumba ni ya Gizachew.

Siku ya kuhama, aliyekuja kubeba vyombo ni Welde Giyorgis. Alibeba godoro, akabeba jiko, machozi yanamtoka.

"Nani aliyekutendea hivi, dada? Nitajie, nifunge kwa ajili yake."

"Ukifunga wewe, yeye ndiye anayeshiba," alisema Yeshimebet. "Acha kufunga, kaka. Kula nyama hata mara moja, huenda ukakumbuka."

"Kwaresima hii?" aliuliza kwa upole, akarudi ndani kuchukua viti.

Pasaka ilipofika Gizachew alikuwa ameshapata mpangaji, na suruali zake zilikuwa zimepelekwa kwa fundi kuongezwa kiuno. Yeshimebet anakaa chumba cha kupanga nyuma ya stendi ya mabasi. Kila Jumapili Welde Giyorgis humletea mkate wa kanisani, humzibia nyufa za dirisha kwa matambara, humuuliza kama usiku alisikia baridi. Anampenda kweli. Yeshimebet analijua hilo, na linamuuma kuliko nyumba. Humchemshia kahawa hata hivyo, maana ndiye kaka pekee anayekuja kumtazama.