Namba Aliyoisaga Zamzam

Habari za yule mtu zilifika Roseville, Amerika, kabla yake mwenyewe, na aliyezifikisha ni Njeri, mwanamke ambaye simu yake haijawahi kulala njaa.

"Shoga, kuna jamaa anazunguka nyumba za watu wa Mombasa na begi mgongoni, anauliza mambo ya vyuma. Juzi alikuwa mji wa Savage. Kwa Nasima amekunywa chai vikombe vitatu, akatoka na helmeti ya marehemu babake."

"Helmeti ya nini tena?" Zamzam akauliza.

"Ya kile kiwanda chenu cha chuma! Ati kuna maonyesho Saint Paul, ya nchi zilizoyeyusha chuma chao wenyewe. Wameshaweka wachimbaji wa huku kaskazini mwa Minnesota, sasa wanataka na Wakenya. Nimemwambia Nasima, huyo umemwangalia vizuri? Isije ikawa ni muuza skrepa."

Zamzam akacheka. Njeri akaongeza: "Na amekuulizia. Hakukutaja jina. Alisema, binti ya Shaaban wa tanuri anakaa wapi?"

Watu wa rika la Zamzam kule mtaani Mombasa wanakijua kiwanda kile. Nchi ilikuwa changa, nondo zote zikija kwa meli kutoka ng'ambo, na siku tanuri lilipowashwa wanawake walitoka barabarani wakapiga vugo kana kwamba kuna harusi. Wanaume waliyeyusha reli kuukuu na mabaki ya meli zilizokufa, wakatoa nondo za shule na madaraja. Mtu akienda kuposa, wazee waliuliza: yuko tanurini au yuko getini? Wa tanurini alipewa mke upesi. Kiwanda kimefungwa zamani, majani yameota mpaka dirishani, lakini bibi harusi wa mtaa ule hadi leo hukanyaga kipande cha nondo kizingitini, ati ndoa isipinde.

Shaaban, babake Zamzam, alifanya kazi tanurini miaka tisa. Kisha vitu vikaanza kupotea kiwandani, pakapita msako, na jirani mwenye mdomo akasema kwa Shaaban kuna mbuzi ya kukunia nazi ambayo kichwa chake ni chuma cha kiwanda. Shaaban hakukana.

"Nilipewa," alisema.

"Nani alikupa?"

"Kiwanda."

Wakamcheka, wakamkabidhi barua ya kumfukuza. Mzee yule akauza makaa mpaka alipokufa, na tanuri hakulitaja tena.

Mbuzi yenyewe haikupatikana, kwa kuwa mamake Zamzam aliizika kwenye pipa la unga. Zamzam alipokuwa msichana aliigeuza akaona chini ya shingo yake pamegongwa namba, tarakimu tano. Sasa namba ya kazi ya babake ilikuwa 117. Aliijua kutoka kile kibati cha kifuani. Akapiga hesabu zake mwenyewe kimyakimya: chuma hiki kina mwenyewe, na mwenyewe si baba. Kwa hiyo ni kweli aliiba. Hakumwambia mtu, hata mumewe Yasser. Akaja nayo Amerika ndani ya sanduku, imefungwa kwa leso, na wageni walipoisifu kwa kukuna nazi laini kama pamba, alibadilisha mazungumzo.

Basi ile Alhamisi, Njeri alipokata simu tu, Zamzam aliteremka gereji, akachukua grainda ya Yasser, akavaa miwani, akaisaga ile namba mpaka pakawa laini kama paji la uso. Cheche ziliruka, moyo ukatulia. Aje sasa huyo mpelelezi.

Akaja Jumamosi alasiri. Nyumba ya Zamzam siku hiyo huwa haina kiti kitupu: kaimati kwenye sinia, mahamri, mbaazi, wanawake saba na midomo kumi na minne. Mgeni alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, ndevu fupi, kanzu chini ya koti la baridi. Jina, Uthman. Alisalimia vizuri mno, na hilo peke yake lilimtia Zamzam shaka.

"Wewe ni wa nani kule kwetu?" akamuuliza kabla hajaketi.

"Baba yangu alikuwa karani wa tanuri, Bi Zamzam. Ila walimhamishia Nairobi mapema."

"Karani! Kumbe nyinyi ndio mliokuwa mkiandika zile barua."

"Barua ziliandikwa ofisini. Baba aliandika moto tu."

Wanawake wakatazamana. Moto unaandikwaje?

"Kunywa chai," alisema Zamzam, kwa sauti ya mtu anayesema toka.

Uthman akanywa, akasifu, akauliza hili na lile. Zamzam akajibu kwa vipande: sikumbuki, nilikuwa mdogo, Mungu ndiye ajuaye. Ndipo Njeri, aliyekuwa akiwashwa ulimi, akaropoka: "Si umwonyeshe ile mbuzi ya babako? Hiyo ndiyo chuma yenyewe!"

Zamzam alimkata jicho, lakini alikuwa amejiandaa. Akaileta. Uthman aliipima mkononi kama mnunuzi, akaigongagonga kwa ukucha, akasikiliza mlio wake. Kisha akaipindua, na kidole gumba kikaenda moja kwa moja mahali palepale. Zamzam akajiuliza: Amejuaje?

"Hapa pamesagwa karibuni," alisema Uthman.

"Nilikuwa natoa kutu."

"Kutu haichagui mahali pamoja, Bi Zamzam. Namba iko wapi?"

"Namba gani? Wee, umetumwa na nani? Mzee wangu yuko kaburini na bado mnamfuata!"

Uthman akatoa kwenye begi daftari lenye jalada la kitambaa, kurasa zimekuwa rangi ya chai.

"Sikiliza, mama. Kila myeyusho ulikuwa na namba yake. Chuma kikimiminwa, baba anaiandika humu, na vipande vyote vya myeyusho ule vinagongwa namba hiyo hiyo. Ni namba ya moto wa siku hiyo, haina uhusiano na mfanyakazi. Siku nchi ilipopata nondo zake za kwanza, watu wanane wa zamu walipewa kila mmoja kipande cha mwisho, akafanyie kitu cha nyumbani. Majina yapo hapa. La tano ni Shaaban."

Njeri akairudisha kaimati yake kwenye sinia.

"Waandaaji wamepata ile barua ya kumfukuza," akaendelea. "Wanataka kuitundika ukutani, mwizi wa chuma, na jina lake. Nimewaambia ngojeni. Jina kwenye daftari halitoshi. Watasema alipewa kimoja akaiba kingine. Namba ikifanana, barua haipandi ukutani. Ndiyo iliyonileta."

Zamzam akakaa chini. Angeweza kusema namba imelika kwa kukuna nazi miaka arobaini, na nusu ya waliokuwepo wangemwamini. Aliwatazama wote: hawa ndio watakaolala na habari hii na kuamka nayo, waifikishe mpaka mji wa Champlin.

"Nimeisaga mimi," alisema. "Alhamisi. Nilidhani ni namba ya mtu mwingine. Nilidhani baba ni mwizi. Nimedhani hivyo tangu nikiwa msichana."

"Subhanallah," mmoja akanong'ona.

Uthman akalifunga daftari, akaweka kidole ndani ukurasa usipotee, akampa Njeri. "Wewe shahidi. Usimwonyeshe." Kisha akamgeukia Zamzam. "Namba unaikumbuka?"

"Nitaisahau vipi? Sita, sifuri, nne, moja, nane."

Njeri akafungua. Akasoma kwa kidole, tarakimu baada ya tarakimu, akarudia. Akafunika mdomo wake, yeye Njeri, na machozi yakamtoka. "Ndiyo yenyewe," alisema.

Uthman akalipokea daftari lake. "Nitawapelekea ushahidi huu. Lakini watauliza chuma kimefanywa nini. Itabidi waandike chini ya mbuzi hii kwenye maonyesho, watazamaji wote waone, kwamba namba imefutwa, na aliyeifuta."

Wanawake wakaanza kusema wote kwa pamoja: andika imelika, andika fundi, andika haijulikani.

"Nyamazeni," alisema Zamzam. "Aandike binti yake. Na jina langu alimalize lote, Zamzam binti Shaaban."