Matanga Yaliyojaa Wageni

Khamsing alichagua siku mbaya ya kufa. Alikata roho mkesha wa mashindano ya mitumbwi, na kulipokucha kijiji kizima kilikuwa kimeshakwenda mjini mtoni, kila mtu na kofia yake, kila mtu na chupa yake. Matangani tukabaki watatu: Bouavanh mjane wake, mimi jirani, na marehemu mwenyewe.

Nimezunguka sana na nimezika watu wa dini nyingi, lakini ni huku Laos nilikokuta matanga yasiyotaka machozi. Jeneza huwekwa sebuleni kati ya maua na taa za rangi. Nje turubai, muziki, bia, karata. Nyumba ikipoa, roho ya maiti hujiona imetupwa, na mjane hana uso wa kwenda nao sokoni. Kwa hiyo Bouavanh alikuwa ameazima viti vyote vya hekalu, navyo vilikuwa vimekaa vitupu vinatutazama.

Alilalamika kwamba Khamsing aliwapigia kasia hawa watu mpaka bega likateguka, na leo wamemwachia kizee kinachokoroma. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeamka.

Hapo tairi la basi la watalii likapasuka barabarani. Wakashuka wote, wekundu kwa jua, wakaona turubai, taa, bia kwenye barafu, samaki kwenye makaa. Wakakaa. Jitu moja lenye ndevu, jina lake Joost, likaniita kwa kidole na kuagiza samaki. Nikaingia ndani kumwambia Bouavanh kwamba wanadhani hii ni hoteli, ngoja nikawaeleze.

“Ukawaeleze nini?”

“Kwamba pana msiba, shemeji.”

“Wamekaa?”

“Wamekaa.”

“Basi geuza samaki.”

Nikageuza samaki. Wakasifu wali wa kunata, wakasifu pilipili huku wanalia. Nikawatolea karata, maana matanga bila karata ni mkutano tu, na Joost akawa anafungwa kwa furaha kubwa. Kelele ikapanda mpaka barabarani. Kila nikipita mlangoni namwona Bouavanh akichungulia na kuhesabu vichwa, shingo imenyooka kidogo.

Kisha mama mmoja, Femke, akaingia ndani kutafuta choo. Alitoka amepauka kama majivu, akawanong'oneza wenzake. Wakasimama wote, kofia mikononi, mmoja bado ana mkia wa samaki mdomoni. Wakaniomba radhi mmoja mmoja. Mwenye adabu kuliko wote akazima muziki, na hilo ndilo lililoharibu kabisa.

Bouavanh akatokea mlangoni.

“Nani amezima?”

Halafu akaona mabegi yanabebwa. Akashika mwimo wa mlango, sauti ikashuka.

“Waambie Khamsing hajawahi kumfukuza mgeni. Waambie wakiondoka, atabaki na wewe tu.”

Nikatafsiri yote, hata hiyo ya mwisho, ingawa iliniuma. Joost akatazama mlango, akatazama karata zake. Akauliza kama marehemu alikuwa mchezaji. Nikamwambia alikuwa mchezaji, na alikuwa mwizi.

“Basi na yeye agawiwe,” akasema, akakaa.

Wengine wakafuata, taratibu, kama watoto walioruhusiwa kurudi darasani. Muziki ukawashwa. Bouavanh akavuta kiti, akashika karata za mumewe, akamchezea. Na kwa haki yote lazima niseme aliiba vilevile kama yeye. Raundi ya pili alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la sketi.

Jua lilikuwa linazama majirani waliporudi, wamelowa, wamenuna, maana mtumbwi wao ulishindwa vibaya. Wakakuta wageni wanaimba, Femke anaosha vyombo, na hakuna kiti hata kimoja kitupu. Thongkham, nahodha wao, akasimama katikati ya turubai akizungusha macho.

Bouavanh hakuinua uso kutoka kwenye karata.

“Mkeka upo, kaka,” alisema. “Na punguzeni sauti. Kuna wafiwa hapa.”