Taa Nyekundu Kwenye Dashibodi

Magari ya watu fundi aliyatibu yakapona. La kwake lilikuwa mgonjwa wa kudumu. Wiki nzima mkewe alilalamikia taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi. Fundi, kwa kuchoshwa na kelele, akachomoa balbu yake. Breki angezitazama Jumamosi.

Asubuhi mkewe akasimama langoni na gari. "Baba watoto, taa imezimika! Kumbe ukisumbuliwa unafanya kazi? Haya, nashuka mlimani kumchukua mama."

"Msalimie mama mkwe," alicheka, mswaki mdomoni.

Gari lilipoondoka, aliona dimbwi pale lilipolala. Akachovya kidole. Mafuta ya breki.

Alikimbia pekupeku hadi barabarani, akipunga mikono yote miwili. Mkewe, akidhani anaagwa, akampungia pia, kisha gari likainamia mteremko.