Lebo ya Sajini Okwir

Mimi sipendi watu wanaobandika hadithi ovyo, nasema mapema ili tuelewane. Kundi letu la WhatsApp linaitwa Walinzi wa Lango. Lina watu mia mbili na kumi na wanne, na mlinzi mkuu, yaani admin, ni mimi, Nusura, muuza mapazia wa Nakivubo. Tulikutanishwa na uchungu mmoja: mchezo wetu wa televisheni, *Lango la Tatu*, ulikatwa katikati, Sajini Okwir akiwa amepiga goti mbele ya muuguzi Séraphine na pete ingali mfukoni. Juma lililofuata, saa ile ile, wakatuwekea mpira. Basi tukaamua kuandika wenyewe. Kila mtu akawa na Okwir wake na harusi yake, na wengine, Mungu awasamehe, wakaongeza mapacha watatu.

Sasa watu wote hao wakiandika bila adabu, unapata soko siku ya mvua. Kwa hiyo kuna sheria. Ya kwanza ndiyo kipenzi changu: juu ya kila sura pawe na lebo. Lebo inasema hadithi ni ya nani na nani, ni sura ya ngapi, na mstari wake wa mwisho ni *Kifo: ndiyo* au *Kifo: hapana*. Msomaji ajue anaingia nyumba gani. Kuna mtu aliwahi kumzamisha Séraphine mtoni bila kutangaza, wanawake watatu wakalia kazini, mmoja wao mbele ya foleni nzima ya benki. Tangu siku hiyo hakuna masihara.

Sheria ya nne nayo ni kali: hadithi ya mwenzako usiiendeleze bila kumwomba. Swaibu, fundi simu, alimalizia hadithi ya Adero kwa sababu eti "imechelewa sana". Nilimtoa mwezi mzima. Aliniomba radhi kwa maandishi, kwa sauti, na kwa picha ya paka anayelia. Nikamjibu kwamba mwezi ni mwezi.

Huyo Adero ndiye mwandishi wetu hasa. Ni Mkenya anayekaa Ntinda, kazi yake kupanga safari za malori, na huandika saa ya chakula cha mchana huku akitafuna chapati. Akimwandika Okwir anatembea, unasikia buti.

Nyumbani kwangu Mbuya naishi na shangazi yangu, Kaltumi. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili na anangoja kupasuliwa, kwa hiyo kusoma hawezi. Mumewe, Mzee Kamis, alifariki miezi minane iliyopita. Baada ya arobaini nyumba ilinyamaza mno, nikaanza kumsomea hadithi za Adero kila asubuhi tukinywa chai, kabla sijaenda dukani. Nikamwingiza na kundini ili asikilize sauti za watu. Kwenye simu anajua mambo mawili tu, kusikiliza sauti zinazoingia na kubonyeza kile kipaza sauti ajirekodi, na kila Ijumaa huwasalimu wote kwa dua ndefu.

Kila asubuhi alikuwa na neno moja kabla ya mengine yote.

"Anza na lebo."

"Okwir na Séraphine. Sura ya ishirini na tisa. Kifo: hapana."

"Haya." Ndipo ananyanyua kikombe. "Hawa watoto wako wana adabu, Nusura. Wanasema mapema."

Nilidhani anaisifu sheria yangu, nikavimba kichwa.

Ijumaa moja jioni Adero akabandika sura ya thelathini na moja. *Kifo: ndiyo.* Niliisoma dukani, nimesimama. Sajini Okwir alipigwa risasi langoni, akafa mikononi mwa Séraphine, na pete ikapatikana na mtu wa kufua nguo. Nililia mpaka nikapangusa machozi kwa pazia la mteja. Usiku huo, Shangazi amelala, kundi zima lilikuwa msibani.

Jumamosi asubuhi Shangazi akaketi na chai yake, kichwa amekiinamisha upande, sikio tayari. Nikamtazama. Yule Okwir alikuwa akimchekesha wakati sisi wote tumeshindwa. Nikakohoa, nikaitazama simu kama ninayesoma, nikasema, "Okwir alifumbua macho. Risasi ilikuwa imepita begani tu."

Nakwambia, uongo ukishaupa chai unakaa. Jumapili Okwir akaanza kunywa uji. Jumatatu akamtania daktari. Jumanne nikamwoza. Harusi ilifanyika kambini, kwa pilau ya mbuzi na bendi ya jeshi, na Séraphine akacheza mpaka kiatu kikakatika kisigino. Shangazi alicheka hadi akashika ubavu. Na kwenye simu yake nilikuwa nimekwisha kufuta sauti zote za kundi zilizomlilia Sajini, kabla hajazisikiliza. Nilijiona mjanja sana.

Jumanne hiyo hiyo nikiwa dukani, mteja mmoja, mama wa makamo, akinishikia ncha ya kitambaa, simu ikaanza kutetemeka na haikuacha. Nikaifungua. Kundini palikuwa na sauti ya dakika kumi na mbili, imetumwa na Shangazi Kaltumi. Nikaibonyeza. Ilikuwa sauti yangu mimi, na ile harusi ya kambini, tangu mbuzi mpaka kisigino. Alinirekodi asubuhi, simu ikiwa chini ya kanga. Mwishoni akaongeza yake: "Tunamshukuru mwandishi. Sajini amepona."

Haikuwa na lebo. Ilikuwa hadithi ya Adero, imeendelezwa bila ruhusa, kwa sauti ya mlinzi mkuu mwenyewe.

Swaibu alikuwa wa kwanza. "Banange! Mlinzi, hii sauti iko ya nani? Sheria namba nne inasema aje, nnyabo?" Kisha akatuma paka yule yule, analia.

Mkuki kwa nguruwe. Nilistahili, sikatai. Lakini si aibu iliyonitisha. Chini ya ujumbe wa Swaibu kulikuwa na watu wanarekodi sauti zao, na nilijua watakachosema. *Si tumemzika Ijumaa?* Na Shangazi yupo nyumbani peke yake, simu sikioni, anasikiliza kila kinachoingia. Nikafuta ya kwanza, nikafuta ya pili, ya tatu ikaingia.

"Nnyabo," mteja akasema, "unapima pazia ama unachati?"

Nikamwomba arudi kesho, nikashusha mlango wa duka saa sita mchana na kuita boda. Juu ya boda nikampigia Adero. Aliiacha simu ilie mpaka karibu ikatike.

"Nimesikiliza yote," akasema. "Nusura, si ungeniuliza tu? Mimi ni mtu wa kung'ata?"

"Nisamehe, Adero. Nimekukosea."

"Umenikosea, ndiyo. Na ile harusi imenibamba, nimeipenda vibaya, hiyo ndiyo inaniuma." Akacheka. "Utaomba msamaha mbele ya watu, halafu unajitoa mwezi. Mwezi ni mwezi, sivyo? Lakini huyo shangazi yako, mbona anasema Okwir amepona?"

"Hajui kwamba amekufa. Nilimficha."

"Basi mwambie huyo wa boda akanyage mafuta," akasema Adero.

Nilimkuta Shangazi barazani, miguu ameinyoosha kwenye mkeka, simu mapajani. Ilikuwa ikicheza harusi. Mimi jasho linanitoka, nikapiga magoti mbele yake, hata viatu sijavua.

"Shangazi, kuna jambo. Wale watu wa kundini watasema maneno, na mimi nilitaka kwanza..."

"Okwir amekufa," akasema. "Najua."

"Nani amekuambia? Swaibu?"

"Wewe." Akaizima simu kwa kupapasa. "Jumamosi hukusoma lebo. Siku zote unaanza juu, sura ya ngapi, kifo hapana. Jumamosi ukakohoa, ukaingilia katikati. Nikajua humo ndani kuna maiti."

Siku nne! Siku nne ananisikiliza nikimpikia marehemu uji na pilau, na anacheka.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri. Na nilitaka nione utanificha mpaka lini. Leo ulipomwoza nikaona, huyu hana mpango wa kuniambia. Nikakupeleka kwa wenzako. Wao husema."

Akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga.

"Siku ya Kamis mlinipigia simu," akasema.

Alisema *mlinipigia* kwa huruma tu. Nilipiga mimi. Nilisimama kwenye ujia wa wodi, Mzee Kamis ameshafunikwa shuka mpaka usoni, nikampigia Shangazi nikamwambia, "Njoo, amezidiwa kidogo." Ndivyo tunavyofanya sote, ndivyo tulivyofundishwa. Msiba hausemwi kwenye simu. Mtu anaitwa taratibu, anafika, anawaona watu wamesimama, anaelewa mwenyewe.

"Nilikuwa na chupa ya uji," akasema Shangazi. "Nikakumbuka anaupenda mtamu. Nikamsimamisha wa boda njiani, nikanunua sukari. Nilikaa pale dukani nangoja chenji, Nusura. Nikaingia wodini naulizia kijiko."

Kijiko hicho nakikumbuka. Nilimwona akiingia, anatabasamu, chupa ameikumbatia, na mimi nilitazama ukutani ili mtu mwingine amwambie. Hakuna aliyemwambia. Aliliona shuka. Na miezi minane yote hii nilikuwa nikijipongeza kwamba siku ile nilimfanyia upole, kama nilivyojipongeza na huyu Okwir wangu wa bandia. Nikaweka kichwa mapajani mwake nikalia kama mtoto.

"Nisamehe, Shangazi."

"Nimekusamehe zamani. Ila usinifanyie tena." Akanipapasa kichwa, akanirekebishia mtandio ulioteleza. "Nenda kanawe uso. Kisha uje unisomee ile yenyewe, ya yule Mkenya. Na uanze juu."

Nikanawa na kuvua viatu. Nikaketi mkekani karibu naye, nikaifungua sura ya thelathini na moja. Sauti ilikuwa haijakaa sawa, nikangoja ikae.

"Okwir na Séraphine," nikasoma. "Sura ya thelathini na moja. Kifo: ndiyo."

"Nani?" akauliza, ilhali anajua.

"Sajini Okwir."

"Inna lillahi." Akajitanda kanga yake vizuri kichwani, kama anayeingia kwenye nyumba ya watu, akaisogeza chai pembeni. "Haya, mwanangu. Sasa soma."