Usifungue Kabla ya Jumapili

1.

TANGAZO
(limebandikwa kwa ugali wa jana kwenye mlango wa stoo ya Aikande)

Wahusika wote wanaarifiwa kuwa pombe iliyomo humu haijawa tayari. Ni marufuku kutikisa, kuonja au kufungua chupa yoyote kabla ya Jumapili. Amri hii inamhusu kila mtu.

2.

Kila mtu isipokuwa mwenye amri, jamani!

Asubuhi Aikande kaingia stoo, kachomoa chupa, kabandua kizibo. Kimya. Mbege nzuri, ya ndizi na ulezi, lakini imetulia kama uji uliopoa. Sukari aliitia mwenyewe kabla ya kuziba, kijiko kwa kila chupa, ili ichachuke humo ndani ijae gesi.

Kesho yake akafungua nyingine.

Na kesho yake

3.

Wewe unayesoma, usimcheke. Ungekuwa na kaka kama Ndetaulwa, nawe ungefungua.

Kwenye harusi ya binti yake, Ndetaulwa alionja mbege ya dada yake mbele ya wakwe, akacheka. "Hii haina hata povu. Leteni kreti za dukani." Aikande akainua ndoo ya mbege, akammwagia yote kwenye suti. Tangu siku hiyo hawasemezani. Hata mama yao walimzika wakiwa wamesimama huyu upande huu wa kaburi, huyu upande ule.

4.

(Dirishani, mke wa Ndetaulwa.)

"Wifi, unafanya nini?"

"Naangalia kama ina gesi."

"Ukifungua si gesi yenyewe inatoka? Utaangalia mpaka ziishe!"

"Niache, wifi. Roho haitulii."

"Jumapili kaka yako anakuja. Nimembembeleza mpaka sauti imekauka. Hebu toka humo stoo, mikono yako uikalie."

5.

CHUPA: Nipo gizani. Kuna kitu kinanitekenya ndani. Simwambii.

6.

Imebaki

moja.

7.

Jumapili, baada ya ibada. Aikande amefunga jani la sale shingoni mwa chupa. Uchaggani, ukiletewa jani hilo na pombe, umeombwa msamaha, na kukataa ni aibu kubwa. Ila mwenye pombe huonja kwanza, mgeni akimwangalia.

Ndetaulwa ameketi. Amezeeka. Ana macho ya mama yao kabisa, na Aikande anataka kulia.

"Nisamehe, kaka. Safari hii ina povu." Anaipangusa chupa kwa kanga. "Nadhani."

Ndetaulwa analitazama jani. Koti ni lile lile la harusi, doa bado lipo kifuani. Anaingiza mkono ndani yake, anatoa kata ya kibuyu aliyokuwa akinywea mama.

"Mimi nilikuja kuomba ile ya ndoo," anasema. "Ile isiyo na povu."

Ya ndoo Aikande hakupika.

Ipo hii. Anaibana kwa magoti, anaingiza kifungulio chini ya kizibo. Wifi ameziba masikio. Ndetaulwa anasogeza kata karibu.

"Onja kwanza, dada."

Kpaa! Povu linarukia koti, juu ya doa lile lile.