Picha Sita za Mwanzo

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Nicholaus, msimamizi wa kampuni ya kokoto, alifungua mgongo wa kamera ya Josephina kwenye jua kali la Chinongwe. Josephina alihesabu sekunde nne kabla ya kumpokonya na kuufunga.

"Mbona mkanda mtupu?" Nicholaus aliuliza. "Picha ziko wapi?"

"Umeziunguza."

"Mama, siku hizi watu wana simu."

"Za simu mlizikataa ninyi."

Ilikuwa kweli. Wiki mbili kabla, mbele ya baraza la ardhi mjini Ruangwa, wakili wa kampuni alidai kwamba picha za simu hutengenezwa, na kwamba shamba la mkulima Biasha, ambalo kampuni ililitaka kwa kokoto, halina kaburi hata moja la ukoo wake. Biasha akapewa hadi Ijumaa ya wiki hii alete ushahidi. Greda la kampuni halikupewa siku yoyote ya kungoja. Lilikuwa linanguruma pale pale, hatua mia kutoka kwenye mikorosho yake.

Ndipo Biasha alipokwenda Nachingwea kumtafuta Josephina, mpiga picha wa miaka sitini na mmoja, ambaye bado alikuwa na filamu ya nyeusi na nyeupe. Moja tu. Ilikwisha muda mwaka 2009. Aliihifadhi katika kopo la maziwa ya unga lenye mchele uliokaangwa ili unyonye unyevu, na kopo akalifukia chini ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Filamu iliyozeeka huona hafifu, kwa hiyo asubuhi hiyo kila picha aliipa mwanga mara nne ya kawaida.

Alitaka kuanza na watu, jua likiwa bado laini usoni. Biasha alikataa.

"Anza na bibi zangu," alisema. "Sisi tulio hai tutangoja."

Josephina alinung'unika, lakini alitii. Makaburi, picha sita. Kisha mikorosho. Kisha Biasha na wanawe wamesimama. Alikuwa amefika picha ya thelathini na moja, hajaurudisha mkanda kwenye kasha lake, Nicholaus alipofika na walinzi wawili, akadai kukagua.

Sasa Biasha alimsogelea Nicholaus. "Hata chumbani kwa mama yako unaingia hivi, bila hodi?"

Nicholaus alicheka, akasema kamera hiyo ipelekwe makumbusho. Walinzi wakawasindikiza hadi barabarani, kama wezi wa kuku, kutoka katika shamba ambalo Biasha alizaliwa ndani yake.

Josephina aliifunga kamera kwa kanga na kupanda bodaboda. Njia nzima hadi Nachingwea alipiga hesabu. Kila picha ikishapigwa, mkanda hujiviringisha kwenye kijiti ndani ya kamera, mpya juu ya ya zamani. Jua huanza kula ya juu. Za mwanzo hukaa ndani kabisa.

Nyumbani aliingiza mikono katika mfuko mweusi, akauhamishia mkanda kwenye kopo la kusafishia picha kwa kupapasa. Akamimina dawa, akatazama saa, akasuuza.

Saa tisa alasiri aliuning'iniza kwa kibanio cha nguo. Picha ishirini na tano zilikuwa nyeusi tii: mikorosho yote, Biasha, wanawe. Sita za mwanzo zilikuwa na ukungu pembeni tu. Katika ya tatu, kwenye saruji ya kaburi, herufi zilizochorwa kwa kijiti zilisomeka bila kioo cha kukuzia: HAJRA MUSTAFA 1981.

Saa kumi kasorobo simu ililia. Alikuwa Biasha.

"Greda limepita," alisema.

"Wapi?"

"Kwa bibi. Sasa linageuza."

Josephina alimwambia kilichosalia. Upande wa pili injini ilinguruma. Kisha Biasha akasema, "Zitunze," na simu ikakatika.

Mkanda ulipokauka, Josephina alikata kipande cha picha sita, akakitia katika bahasha na kuandika juu yake tarehe, saa na jina la shamba. Akachimbua kopo chini ya mtungi, akaizika bahasha ndani ya mchele ingoje Ijumaa, akakaza kifuniko.